Herufi Mbili Juu ya Mstari

Daftari lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Binti wa marehemu aliniletea nyumbani Troyeville jioni ya Jumatano. Baba yake angezikwa Jumamosi. Mzee alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Lubumbashi, na kwa miaka mingi aliongoza kwaya ya Wakongo wenzake katika mtaa huu wa mashariki mwa Johannesburg, ambao wengi bado wanauita wa Wareno. “Mwalimu,” alisema binti, “mama anaomba wimbo wa papa uuandike kwenye kompyuta. Vijana watakaokuja kuimba hawasomi solfa.”

Solfa ndiyo maandishi ambayo Mwingereza John Curwen aliyaeneza katika karne ya 19 na wamisionari wakayaleta huku: herufi badala ya mistari mitano, nukta pacha kutenga pigo na pigo, na mstari wima kutenga kipimo na kipimo. Kwa solfa hiyo Enoch Sontonga alitunga mwaka 1897, hapa hapa Johannesburg, wimbo ambao sisi Watanzania tunauita Mungu Ibariki Afrika. Kaburi lake liko Braamfontein, upande wa pili wa jiji. Daftari lake la nyimbo lilipotea. Nilikumbuka hilo nilipokuwa nikifungua daftari la fundi, na nikanawa mikono kwanza.

Kazi ilikwenda vizuri hadi neno la mwisho la kiitikio, “nyumbani”. Silabi mbili za mwanzo ziko kabla ya mstari wa kipimo. “Ni” iko baada yake. Juu ya neno hilo mzee alichora alama ya kupunguza sauti, ile inayofanana na mdomo wa ndege unaofunga, kisha akaandika pp, yaani kwa sauti ya chini sana. Aliziandika herufi hizo juu ya mstari wenyewe, moja kila upande.

Kalamu inaruhusu jambo hilo. LilyPond, programu ninayoitumia, hairuhusu kirahisi, kwa sababu ndani yake alama ya nguvu ya sauti huandikwa baada ya nota na kubebwa na nota hiyo. Ukiiambia kwamba sauti ipungue hadi nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata, yenyewe huukomesha ule mdomo wa ndege kabla ya mstari. Ina maoni yake. Ningeweza kuzisogeza herufi kwa hila hadi zikae mpakani, lakini msomaji angedhani ni kosa la uchapaji.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu London, nilishinda miezi juu ya miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, na mahali palipokuwa na shaka niliweka tanbihi. Kwaya haiimbi tanbihi. Ilinibidi kuchagua.

Nilichagua “ni”, na hoja yangu ilitoka katika lugha. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nyu-MBA-ni. Wimbo wa mzee uliiweka “ni” kwenye pigo zito, la kwanza la kipimo, kosa ambalo tumelirithi kutoka kwa tenzi za Kizungu zilizotafsiriwa juu ya tuni ambazo hazikutungiwa Kiswahili. Ukiiimba “ni” kwa sauti ya chini sana, neno linarudi kuwa neno. Niliamini kwamba mzee alisikia hivyo. Bado naamini, ingawa si kwa uhakika wa usiku ule.

Kosa lilikuwa langu na la karatasi. Niliubana wimbo mzima katika ukurasa mmoja ili kupunguza gharama ya nakala. Nota ikasogea karibu na mstari, na kwa kuwa programu huiweka alama katikati ya nota yake, herufi ya kushoto ikaangukia tena juu ya mpaka. Nilikuwa nimeunakili utata niliodhani nimeutatua.

Makaburini wazee walishusha sauti kwenye “mba”, kama walivyozoea. Vijana walifuata karatasi, wengine hivi, wengine vile. Neno likapasuka mbele ya jeneza. Niliangalia viatu vyangu.

Arubaini ilipopita nilikwenda kwa mjane kurudisha daftari, nikamwuliza marehemu alifanyaje mahali pale. Aliinua mkono wa kushoto, akaufunga ngumi polepole. “Papa alikuwa anafanya hivi, na sisi wote tunashuka.”

“Kabla ya mstari, Mama, au baada yake?”

“Mstari gani?” aliuliza.

Alinishikia chai, akauimba wimbo wote kwa ajili yangu, na kwenye “nyumbani” sauti ilianza kupungua tangu “nyu”. Nimeuchapa upya kwa kurasa mbili, nafasi pana baada ya kila mstari. pp ziko upande wa kulia, juu ya “ni”. Mdomo wa ndege nimeurudisha nyuma kwa silabi mbili.