Tezi na Joto

Mtu wa Nairobi akiumwa na kupe, daktari wake wa kwanza ni Google. Google nayo humjibu kimarekani: ugonjwa wa Lyme, duara jekundu kwenye ngozi, misitu ya Connecticut. Sisi wa Kibugu, huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hatuna hiyo misitu. Tuna majani chai, kahawa, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Na kupe.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi kwa cucu. Mchana naandika makala za kulipwa moja moja, jioni nakata nyasi za ng'ombe. Kupe alinipata nyuma ya goti, na kabla sijamgusa kila mtu alikuwa na dawa. Jirani: mchome na kiberiti. Mjomba: mpake mafuta ya taa. Zote hazifai, kwa sababu kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kutema mate zaidi ndani ya jeraha, na ugonjwa hupitia kwenye mate. Nilichukua kibano cha nyusi, nikamshika karibu kabisa na ngozi, nikamvuta polepole, moja kwa moja, bila kumsokota wala kumpasua. Nikaosha kwa maji na sabuni. Nikaandika tarehe kwenye simu.

Sasa, hospitali niende ama nisiende? Hapo ndipo hesabu huanza. Boda kwenda na kurudi, pesa ya kumwona daktari, vipimo, dawa. SHA nayo, kwa sisi tusio na mshahara wa mwezi, inataka mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na mfuko wangu haujawahi kubeba mwaka mzima.

Cucu alinisikiliza nikipiga hesabu hizo kwa sauti, kisha akasema, "Mimi simwiti daktari wa ng'ombe kwa sababu ya kupe. Ningefilisika. Namwita kwa sababu ya tezi na joto. Na hapo singoji kesho."

Anajua anachosema. Ndigana kali, ambayo wengi huku huita ngai, ilimuua ng'ombe ambaye maziwa yake yalikuwa yananilipia karo. Ugonjwa huo huletwa na kupe na huanza kwa tezi kuvimba chini ya sikio na homa kali. Binadamu haumpati. Lakini mbinu ya cucu inatufaa hata sisi. Kupe wengi huuma na kwenda zao, na kuumwa peke yake, bila dalili, kwa kawaida hakuhitaji antibiotiki. Kinachohitajika ni macho kwa wiki mbili hivi: homa, kichwa kuuma, misuli kulegea, vipele, tezi, ama kigaga cheusi pale alipouma.

Si mambo ya kupuuza. Kiswahili kina jina la kupe, na kina jina la papasi, yule anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuuma usiku. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alifariki huko Kongo kwa homa hiyohiyo ya papasi aliyokuwa akiichunguza.

Siku ya saba niliamka na baridi ya mifupa. Nyuma ya goti kulikuwa na kigaga cheusi kama kimechomwa na sigara, na kinenani tezi imevimba kama njugu. Cucu aliweka kiganja kwenye paji langu. "Vaa viatu," akasema.

Kwenye kituo cha afya, sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, "Niliumwa na kupe siku saba zilizopita," nikaonyesha mahali. Huku kwetu ukisema homa tu, watu hufikiria malaria ama taifodi, na hakuna atakayekuangalia nyuma ya goti. Klinisheni alikitazama kile kigaga, akauliza kuhusu mifugo, akaandika doksisaiklini. Siku ya tatu ya dawa nilikuwa nimekaa kwa laptopu, namalizia makala ambayo malipo yake tayari yalikuwa na mwenyewe: mjomba, aliyenikopesha pesa bila kutaja tena mafuta ya taa.

Tuna ndama sasa. Cucu humkagua kila jioni, masikio kwanza. Akimaliza, ananiita na mimi.