Farasi wa Shaba Mbele ya Msikiti



Msafiri afikaye mji wa Algiers hapana budi ashuke mpaka Uwanja wa Mashahidi, mahali ambapo mji wa kale wa Kasba unakaribiana na bahari. Nasi tulifika hapo baina ya Adhuhuri na Alasiri, pamoja na kijana mmoja katika wanafunzi wetu, tukasimama kuutazama Msikiti Mpya. Huo upya ni wa jina tu, kwani ulijengwa mwaka 1660, zama za utawala wa Waturuki. Kuba zake ni nyeupe, na mnara wake una saa iliyotiwa na Wafaransa katika karne ya 19.

Lakini tulichokijia khasa ni kitu ambacho hakipo tena. Kwa zaidi ya miaka mia moja, mbele ya msikiti huu palisimama farasi wa shaba, na juu yake askari mtoto wa mfalme. Khabari yake ina mazingatio kwa mwenye kuzingatia.

Wafaransa waliuteka mji huu tarehe 5 Julai 1830. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wao walibomoa nyumba na maduka ili wapate uwanja mpana wa kukusanyia majeshi yao. Miongoni mwa vilivyobomolewa ulikuwamo Msikiti wa Sayyida, uliokuwa karibu na kasri ya watawala. Msikiti wa Ketchaoua, ulio hatua chache tu kutoka hapo, waliutwaa mwaka 1832 wakaufanya kanisa. Basi uwanja huo ulipatikana kwa kuondoa mahali pa kusujudia.

Aliyepandishwa juu ya farasi alikuwa Ferdinand-Philippe, mwana mkubwa wa Mfalme Louis-Philippe, mwenye cheo cha Duc d'Orléans. Mwaka 1839 yeye na Jemadari Valée walipitisha jeshi katika njia ya milimani iitwayo Milango ya Chuma. Amiri Abdelkader, kiongozi wa Waislamu wa nchi hiyo, aliona kuwa mapatano ya mwaka 1837 yamevunjwa, na vita vikawaka upya. Mwaka uliofuata mwana wa mfalme alirejea akapigana tena.

Hakufa vitani. Tarehe 13 Julai 1842, karibu na mji wa Paris, farasi wa gari lake walitimua mbio. Akatoka garini, akaanguka barabarani, akafa siku ile ile, naye ni kijana wa miaka 31. Babake alikuwa akimtazamia kurithi ufalme. Mwaka 1845 sanamu yake, kazi ya fundi Carlo Marochetti, ikasimamishwa Algiers. Angalia ajabu hii: aliyeuawa na mbio za farasi akawekwa juu ya farasi asiyeondoka mahali pake. Na ufalme aliokuwa akingojewa ulianguka mwaka 1848, babake akakimbilia Uingereza.

Je, wenyeji waliitazamaje sanamu ile? Serikali iliupa uwanja jina rasmi, lakini watu wa Kasba waliuita Uwanja wa Farasi. Mnyama alitajwa kila siku, na mpanda farasi hakutajwa. Sisi twaona kuwa katika jina hilo mna jibu la watu walionyang'anywa silaha wakabakiwa na ulimi.

Aljeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962, siku ile ile ya kutekwa mji, baada ya miaka 132. Msikiti wa Ketchaoua ukarudi kuwa msikiti. Farasi wa shaba akateremshwa, akapelekwa Ufaransa, na tangu mwaka 1981 amesimama Neuilly, mji ule ule ambako bwana wake alianguka. Sanamu ya Jemadari Bugeaud, aliyempiga vita Amiri kwa kuchoma mazao na kuteka mifugo ya raia, nayo ilihamishwa. Mahali pake leo pana sanamu ya Amiri Abdelkader mwenyewe, naye yuko juu ya farasi.

Hapo mwanafunzi wetu alituuliza: "Maalim, umetufundisha kuwa sanamu za viumbe hazifai. Mbona basi hawa ndugu zetu wamemsimamisha Amiri kama Wafaransa walivyomsimamisha mtu wao?"

Twakiri kuwa hatukumjibu upesi. Tuliyomfundisha ndiyo tuliyoyapokea kwa masheikh wetu, wala hatukuyabadilisha. Lakini si adabu mgeni kusimama katika uwanja wa mashahidi akawahukumu wenyewe, hali yeye hakuonja waliyoyaonja. Tulimwambia: "Mwanangu, ukumbusho wa Amiri usiuangalie kwenye shaba. Mwaka 1860, alipokuwa mhamishwa mjini Damascus, ghasia zilizuka na Wakristo wakauawa. Yeye na watu wake walitoka wakawaokoa maelfu, na nyumba yake ikawa kimbilio lao. Hao walikuwa wa dini ya wale waliomtoa nchini mwake. Tendo hilo halina haja ya farasi wa kulibeba."

Kijana alinyamaza, kisha akasema: "Na sisi kwetu, makaburi ya masheikh waliotufundisha yameota magugu." Neno hilo lilituchoma, kwani ni kweli, na sisi tulio wazee wao ndio wa kulaumiwa kwanza.

Tulipokuwa tukiondoka tulipita kituo cha treni ya chini ya ardhi. Kabla hakijafunguliwa mwaka 2018, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua ardhi ya uwanja, wakakuta misingi ya Msikiti wa Sayyida. Farasi wa shaba alikuja akaondoka, na mawe ya msikiti yalikuwapo chini muda wote huo.

Adhana ya Alasiri ikaanza. Tukaingia Msikiti Mpya, tukajipanga safu pamoja na wachukuzi, wavuvi na wanafunzi. Na tangu turejee, kila Alkhamisi baada ya darasa, sisi na vijana wetu hushika majembe tukaenda makaburini. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi yaliyo bora. Amin.