Soja na shingo ya mama
Hapa Nyangwe, mama yangu alivimba shingo. Jirani akasema: «Ni soja yenu ile.» Niliogopa, nikamukatalia hata mtoto wangu uji wa soja. Akakonda. Munganga akanikaripia: «Mama, soja inasumbua tezi ya shingo hasa pale mwili unapokosa iyodi. Muhogo usiolowekwa vizuri ni vilevile. Waganga waliochunguza rovu kule Idjwi, katika ziwa Kivu, miaka ya 1960 na 1970, walikuta hivyo.» Sasa tunaloweka muhogo siku tatu, tunanunua chumvi yenye iyodi na kuifunika. Mama anameza kidonge cha tezi asubuhi, tumbo tupu; soja anaila masaa mane baadaye. Mtoto amerudilia uji wake, na mashavu yamejaa.