Fundi wa Reli



Wengi wetu tuliovuka maji tuna kitu tulichokificha. Yupo anayebeba boksi usiku kucha na nyumbani wanajua ni meneja. Yupo aliyepunguza umri. Mimi nilificha ngoma, tena sikuwaficha watu wa nyumbani, niliwaficha wageni. Nitaeleza, ila itabidi nianzie San Francisco, mwaka 2007, kwenye onyesho ambalo nusura nisiende.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, mzaliwa wa Tanga. Shahada yangu niliisomea Uingereza, kisha kazi ikanileta California, kwenye pampu za maji. Ukishaizoea pampu huhitaji kuifungua kila mara. Unachukua bisibisi kubwa, ncha unaiweka kwenye chuma na mpini sikioni, unasikiliza beringi inavyozunguka. Mwenzangu mmoja kazini, kijana mpenda roki, alinikuta nikifanya hivyo akacheka, akasema ana sidii ya kunipa. Ilikuwa ya Glenn Kotche, iitwayo Mobile, iliyotoka mwaka 2006.

Kotche ni mpiga dramu wa Wilco, bendi ya roki ya Chicago, aliyojiunga nayo mwaka 2001. Mimi si mtu wa roki. Roki kwangu ilikuwa zile kelele za chumba cha jirani bwenini, usiku wa kuamkia mtihani. Lakini katika sidii ile mlikuwa na kipande kilichotokana na kazi ya mtunzi Steve Reich ya mwaka 1972, ambayo haina chombo chochote. Ni watu wawili wanapiga makofi, basi. Mkitaka kuijaribu nyumbani ni hivi: makofi matatu, kimya; mawili, kimya; moja, kimya; mawili, kimya. Jumla nafasi 12, makofi 8 na kimya 4. Mmoja anashikilia hapo hapo mpaka mwisho. Mwenzake, baada ya muda, anasogea nafasi moja, halafu nyingine, mpaka amesogea mara 12 na wanakutana tena pale walipoanzia. Nilijaribu na mke wangu jikoni. Tulifika mara ya tatu, wali ukaungua.

Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na mtu aliyekulia karibu na ngoma za pwani hashangazwi na hesabu ile ya 12. Kotche aliichukua akaigawa katika vyombo vyake, mtu mmoja akibeba kazi ya wawili. Niliisikiliza garini mwezi mzima.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Kotche atapiga pamoja na Kronos Quartet katika tamasha la jazi la San Francisco, nikanunua tiketi mbili. Mke wangu akapewa zamu ya usiku, mvivu mimi nikataka kuzigawa zote. Mwishowe nilikwenda peke yangu, koti langu likakalia kiti cha pili.

Kronos ni watu wanne: fidla mbili, viola na chelo. David Harrington alianzisha kundi hilo mwaka 1973, na sehemu kubwa ya kazi yao ni muziki unaotungwa na watu walio hai. Kwetu sisi wanastahili kukumbukwa kwa albamu yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa, iliyojaa watunzi wa Afrika, akiwemo Justinian Tamusuza wa Uganda na Hamza El Din, Mnubi. Huyu Hamza nampenda kwa sababu nyingine: alisomea uhandisi wa umeme na kufanya kazi reli kule Cairo kabla udi haujamchukua, na kijiji chao kikazama chini ya maji ya bwawa la Aswan. Mhandisi aliyepotezewa kijiji na wahandisi! Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kazi ya usiku ule iliitwa Anomaly. Kotche mwenyewe ndiye aliyeitunga, na ilikuwa ikipigwa kwa mara ya kwanza.

Nilikwenda na wasiwasi wa kihandisi. Ngoma kubwa ya dramu ukiikanyaga sawasawa inazifunika fidla, hata ziwe kumi. Watu wa taarabu wamelijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana kwenye kundi lenye fidla nyingi utakuta dumbaki na rika, vyombo vya mkono visivyopayuka. Kronos hupiga na vikuza sauti, jambo linalosaidia, ila kikuza sauti hakimfundishi mtu adabu.

Adabu alikuwa nayo. Alianza kama mtu anayeingia nyumba ambamo mtoto mchanga amelala. Wale wanne walikuwa wakidonoa nyuzi kwa vidole, naye akiwajibu kwa ncha za vijiti juu ya matoazi, na palikuwa na mahali ambapo, nikifumba macho, sikuweza kusema nani anapiga ngoma na nani anapiga fidla. Baadaye alinyanyua sauti, ukumbi ukatetemeka mpaka kiti changu, na bado chelo niliisikia. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kiti cha mbele, mama mmoja akanigeukia.

Nikaanza kuhesabu, ndio ugonjwa wangu. Mpiga dramu anatumia mikono miwili na miguu miwili, kila kimoja na kazi yake. Mbele yake wamekaa watu wanne. Nikaona kama kila mkono na kila mguu wake umepata mwenziwe kule kwenye nyuzi, mguu wa kulia unaongea na chelo, kijiti cha kushoto kinamtania mwenye viola. Sijui kama ndivyo alivyokusudia. Mimi ndivyo nilivyosikia.

Dramu, wasomaji wangu, ni mashine. Zamani bendi za Marekani zilihitaji mtu wa ngoma kubwa na mwingine wa ngoma ndogo. Mwaka 1909 William Ludwig wa Chicago na nduguye wakaanza kutengeneza na kuuza pedali yenye kasi ya kutosha, mguu ukachukua ajira ya mtu mzima. Kwetu msondo una mwenyewe, vumi lina mwenyewe, chapuo ina mwenyewe, na wakati wa kula wote wanakula. Katika dramu mtu mmoja amewameza wote hao.

Namjua mtu aliyezimudu zote, ngoma na dramu. Ni mjomba wangu, aliyezaliwa tumbo moja na mama. Utotoni alipiga chapuo kwenye ngoma za mtaani. Miaka ya sabini akakalia dramu katika bendi ya dansi pale Tanga. Haikuwa mojawapo ya zile kubwa mnazozijua, Jamhuri Jazz au Atomic, ilikuwa bendi ya vijana wa kazini tu, wenye magitaa ya kuazima. Mchana alikuwa karakana ya reli. Moja ya kazi zake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga magurudumu. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linakohoa. Nilikuwa na miaka minane aliponichukua siku moja nikasikie. Aligonga, akaniuliza, "Zima au bovu?" Nikakosea mara mbili, ya tatu nikapata, akaninunulia kashata. Yale niliyofundishwa baadaye Uingereza kwa fomula yalinikuta na sikio lililokwisha kufunzwa.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa. Mwaka 2003 nilikwenda nyumbani likizo na wageni wawili kutoka kazini, Wamarekani, waliotaka kuona pwani. Mama alipika pilau. Mjomba akaja amevaa shati lililopigwa pasi, na kwapani ana vijiti vyake vya dramu, kwa sababu mama alimwambia kwamba wageni wa mtoto wanapenda muziki. Wageni wakauliza huyu mzee ni nani. Nikawajibu kwa Kiingereza kwamba ni mjomba wangu, mstaafu, alikuwa fundi wa reli. Mmoja akauliza, na vile vijiti? Nikasema, ah, hayo ni mambo ya uzee tu.

Nilisahau, au nilijifanya kusahau, kwamba mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini Kiingereza anakijua. Hakusema kitu. Alikula, akashukuru, akawaaga wageni kwa Kiingereza kizuri. Vijiti akavizungushia gazeti akaondoka.

Nimejitafutia sababu nyingi. Katika ukoo wetu mpiga dansi alihesabiwa mhuni. Bibi yangu alikuwa hagusi hela iliyotoka kwenye dansi. Na huku ugenini mtu mweusi na ngoma ni kitu kimoja kabla hata hujafungua mdomo. Kila sherehe ya ofisini lazima mtu aniulize kama najua kupiga ngoma, mimi niliyekesha na mahesabu ya msukumo wa maji. Nilichoka. Nilitaka wale wageni waone ukoo wa mafundi. Sababu hizo zote ni za kweli, na hakuna hata moja niliyoweza kuisema mbele ya mjomba.

Basi usiku ule ukumbini nikawatazama wale wanne, wanamuziki wa kundi lililozunguka dunia miongo mitatu, kila wanapotaka kuingia jicho liko kwenye kijiti cha mpiga dramu wa bendi ya roki. Msinielewe vibaya, Kotche hakuokotwa baa. Ngoma amezisomea chuo kikuu, Kentucky. Lakini sikuwa nikimwona yeye tena. Nilikuwa nikiona gazeti lililozungushiwa vijiti.

Onyesho lilipoisha nilikaa garini. Huku saa tano usiku, Tanga saa tatu asubuhi. Nilikuwa na kadi ya simu ya dola tano, nikaikwangua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kuna msiba?"

"Hapana. Natoka kwenye muziki."

Akanyamaza kidogo. "Muziki gani wa kunipigia simu?"

Nikamweleza. Alianza kuuliza maswali, na yote yalikuwa ya kazi. Alikaa wapi, nyuma yao au kati? Vijiti au brashi? Nikasema vyote.

"Na hizo fidla zilisikika?"

"Zilisikika."

"Na hiyo kubwa ya chini?"

"Nayo."

"Basi huyo anajua. Sisi tulikuwa na mpiga saksafoni mwenye pumu. Mimi nilikuwa namsikiliza anavyovuta pumzi, nikiona amebanwa nawapa ishara tukate beti. Watu wanacheza, hawana habari."

Hilo la pumu sikuwahi kulisikia maisha yangu yote. Nikaona nisipokuwa mwanamume sasa hivi basi tena.

"Mjomba, ile siku ya wageni wangu..."

"Wageni gani?"

"Wale Wamarekani. Nilisema..."

"Ulisema fundi wa reli. Uongo?"

"Si uongo."

"Ehe. Ila ulikata wimbo katikati."

Nikamwomba radhi. Sikuitafutia maneno mazuri, nilisema tu nisamehe mjomba, na sauti ikanikwama. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akasema, "Hebu ngoja," nikasikia simu ikiwekwa juu ya meza, kisha kijiko, au sijui kitu gani, kikaanza kugonga kwenye sinia, na kidole kikijibu kwenye mbao. Ilikuwa dansi, ile ya mwendo wa taratibu. Yule mama wa kwenye kadi akaingia kunijulisha kwamba imebaki dakika moja. Mjomba hakumsikia. Laini ilikatika bado anapiga.

Tuliongea mara nyingi baada ya hapo, na kila safari alikuwa ananiuliza habari za "yule kijana wa fidla". Alifariki mwaka 2011. Anomaly ilirekodiwa, ikatoka mwaka 2014 katika albamu ya Kotche iitwayo Adventureland, Kronos hao hao wakipiga. Ninayo. Hakuwahi kuisikia.

Mwaka 2015 nilipokwenda nyumbani, binamu yangu alinitolea mfuko wa rambo kutoka uvunguni. Ngoma zenyewe ziliuzwa zamani. Ilibaki pedali, imeshika kutu, springi imekatika. Niliipeleka Ngamiani kwa fundi wa pikipiki, tukachambua boksi lake la vyuma chakavu hadi tukapata springi ya stendi iliyokaribia urefu. Ilikuwa nzito kidogo. Nikakaa nayo barazani na mafuta ya cherehani, nikaifunga mbele ya debe, nikawa nakanyaga na kulegeza, nakanyaga na kulegeza.

Watoto wa jirani wakasogea. Mmoja akauliza hicho ni kitu gani.

"Ni cha mjomba wangu. Alikuwa mpiga dramu."

"Na kazi yake?"

"Hiyo hiyo. Na reli."

Akaomba akanyage. Mguu wake haukufika vizuri, tukamwekea tofali.