Pointi za daktari na ndoo ya maji

Huko Marekani, daktari wa watoto akishapata cheti, kazi haijaisha. American Board of Pediatrics, baraza linalotoa cheti hicho, linamtaka akusanye pointi 100 kila miaka 5. Nyingine hazitoki kwenye masomo, zinatoka kazini: anahesabu, tuseme, ni mara ngapi yeye na wauguzi wananawa mikono kabla ya kumgusa mtoto, wanabadilisha utaratibu, kisha anahesabu tena.

Wapo madaktari wanaonung'unika kwamba ni makaratasi tu. Ni kweli, ikiwa hesabu inaishia kwenye fomu.

Hapa Kongo, mama aliyekimbia vita, aliyepanga mstari kwenye kituo cha afya na mtoto mwenye kuhara, hizo pointi hazimhusu. Yeye anatazama ndoo pale mlangoni: maji yapo leo? Na sabuni?