Meno Mia na Tisa

Walimu wenzangu wanaonitembelea hapa Kampala huitazama ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe, wakaisifu rangi yake, wakauliza viti nilishonesha wapi. Rangi na viti ni mambo ya mwisho, tena mepesi. Kazi iliyonishughulisha karibu mwaka mzima haionekani kwa macho, kwani imefichika baina ya injini na giaboksi: kuoanisha stata na lile gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili.

Gari hili lilikuwa la marehemu baba, aliyelinunua jipya mwaka wa 1965. Siku hizo magari ya aina hiyo yalikuwa na sifa kubwa katika nchi zetu, maana yalikwisha kushinda mashindano ya Safari mwaka wa 1954, tena 1957 na 1962. Baba alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe miaka mingi, kuku wakitagia humo. Mama hakutaka liuzwe. Alisema tu kwamba, kabla Mungu hajamwita, angependa kuketi tena katika kile kiti cha kushoto apelekwe Masaka kwa ndugu zake. Mama alikuwa ametimiza miaka 86, wala haikuwa kazi ya kuahirishwa.

Karakana ya kwanza, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitia betri ya volti 12 na stata ya volti 12, ikaliacha flaiwili lile lile la zamani. Kila asubuhi gari lililia kama shoka linonolewalo juu ya jiwe. Baada ya wiki chache stata ikawa inazunguka peke yake, injini imenyamaza. Mwenye karakana akalaumu betri, kisha akalaumu stata, akaleta nyingine ya namna ile ile.

Ndipo nilipompata mzee mmoja wa Katwe, fundi wa siku nyingi, ambaye Kiswahili chake ni cha reli na karakana, na kitamu mno. Aliishusha injini, akapitisha kidole juu ya flaiwili, akanambia: "Mwalimu, hawa wawili hawajuani."

Alinikabidhi chaki, nikahesabu meno mwenyewe. Yalikuwa 109. Hiyo ndiyo hesabu ya magari haya yaliyotumia volti 6. Kiwanda kilipohamia volti 12, kwa magari mengi kuanzia modeli za 1967, flaiwili lilipewa meno 130, membamba zaidi, na kipenyo kikaongezeka milimita chache. Basi kigurudumu cha meno kilicho kwenye ncha ya stata ya volti 12 kimekatwa kwa kipimo cha meno yale membamba. Ukikipeleka kwenye meno mapana hakiingii katika nafasi zake. Hupanda juu ya jino, kikalila. Nayo injini ya silinda nne huelekea kusimama mahali pale pale kila izimwapo, kwa hiyo meno yalikuwa yamelika pande mbili zinazoelekeana, mengine yote yakiwa mazima.

Liko na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Ncha ya mhimili wa stata hii haishikwi na stata yenyewe, bali huegemea bushi iliyomo katika ukuta wa giaboksi. Mhimili wa zamani ni mnene, wa baadaye ni mwembamba. Mwembamba ukitiwa katika bushi pana huyumba, na hata meno yangekuwa ya kipimo kimoja yasingeshikana sawasawa.

Tulipokuwa tukingoja chai nilimwambia fundi kwamba flaiwili laweza kuitwa gurudumu tegemeo. Aliwaza kidogo, kisha akauliza: "Nani anamtegemea nani?" Nikajibu kwamba pistoni husukuma kwa vishindo, na baina ya kishindo na kishindo ni uzito wa gurudumu hilo unaoendeleza mzunguko. Akasema neno ni zuri, ila akimtuma kijana wake dukani atasema flaiwili, maana muuza duka hana muda. Nami naona wote tuna haki. Katika darasa langu nafundisha yote mawili.

Sasa ilibidi kuamua. Fundi alipendelea tuhamie volti 12 kikamilifu: flaiwili la meno 130, bushi nyembamba, na kuta za ndani za giaboksi kusagwa kidogo ili gurudumu kubwa lipate nafasi. Taa zingeng'aa zaidi, na betri hupatikana kila duka. Hoja zake zilikuwa na uzito. Lakini chuma kikisagwa hakirudi, na giaboksi lile lilikuwa halijaguswa tangu litoke kiwandani. Nikachagua volti 6. Fundi akakubali kwa sharti kwamba nyaya za stata ziwe nene, kwani volti zikipungua nusu, umeme unaopita huongezeka maradufu kwa kazi ile ile, na waya mwembamba huwa moto bure.

Flaiwili tulilipata Nairobi, barabara ya Kirinyaga, kwa muuzaji aliyeapa kwamba ndilo lenyewe. Fundi alilihesabu meno papo hapo, kisha akalihesabu tena Katwe. Bushi mpya ikatiwa, nafasi ya mhimili wa injini ikapimwa na kurekebishwa kwa pete zake tatu nyembamba hadi sehemu ya kumi ya milimita, na nati kubwa ya katikati ikakazwa kwa bomba refu, watu wawili wakining'inia.

Stata ilishika kwa mlio mmoja mfupi. Mama, aliyekuwa ameketi tayari na mkoba wake mapajani, aliuliza mbona taa ni hafifu. Nilimweleza habari za volti 6.

"Zilikuwa hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Baba yenu alikuwa hasafiri usiku."

Tulikwenda Masaka mchana, kilomita 130 hivi. Tulizima injini mara mbili njiani, mara moja pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, ambapo mama alitaka kununua nanasi, na mara zote mbili ikawaka.