Pai kabla ya kitufe

Nilipokuwa mwanafunzi Nyamirambo, mjini Kigali, mwanzoni mwa miaka ya 2000, pai tulipewa kama amri. Mwalimu aliandika ubaoni 3,14, kwa koma ya Kifaransa, tukanakili. Siku nyingine ikaja namba e, 2,718, nayo tukaimeza hivyo hivyo.

Mambo yaligeuka kikokotoo cha Casio kilipoanza kuzunguka kutoka dawati hadi dawati. Kina kitufe kiitwacho Ans, kinachokumbuka jibu la mwisho. Tuliweka radiani, tukaandika 1, kisha cos Ans, na kubonyeza alama ya sawasawa mfululizo: 0.5403, 0.8576, 0.6543, 0.7935. Namba ikapanda na kushuka, kila mara kwa hatua fupi zaidi, hadi ikagoma kabisa: 0.739085133. Hakuna aliyetufundisha namba hiyo. (Mwenye mashine iliyobaki kwenye digrii alipata 0.99985, na ubishi wake ulikuwa mkubwa.)

Chuoni ndipo nilipoona kwanza kikokotoo cha kuchora grafu, mali ya mhadhiri, ghali kuliko tulivyothubutu kuuliza. Alichora mstari wa y = x na wimbi la cos; vikakutana palepale, 0.739. Kumbe tulikuwa tukiitafuta njia panda hiyo gizani! Wimbi la sin nalo lilikata mstari wa sifuri kwenye 3.14159265. Kwa e tulitumia (1 + 1/n) kipeo n: n ikiwa 10 ni 2.5937, ikiwa 1,000 ni 2.7169. Mmoja wetu, kwa tamaa, akaweka moja yenye sifuri 20. Jibu: 1. Mashine haikuwa na nafasi ya tarakimu zote hizo; sehemu ndogo ilimezwa, ikabaki moja tupu.

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na koma ikawa nukta. Leo wanafunzi wangu wanachora grafu hizo bure kwa programu ya GeoGebra kwenye simu, na kusema kweli wanaona sababu upesi kuliko tulivyoiona sisi. Ila wengi huifikia namba kabla hawajaitamani. Walimu wenzangu, mpeni mtoto dakika chache na kitufe cha Ans kabla ya kumwonyesha kilipo cha pai.